Goti linaniachia na huu ndio msimu wangu wa mwisho shuleni. Nicheze au nikae?

Binti wa Makorora
Jumapili, saa 3 usiku

Shikamooni wakubwa, na rika langu hamjambo.

Niko kidato cha nne hapa Tanga mjini. Nacheza netiboli, nafasi ya GD (mlinzi anayemkaba GA), tangu kidato cha pili, na mwaka huu nimepewa unahodha. Naandika kwa simu ya mama, kwa hiyo nikichelewa kujibu mjue simu anayo yeye kibandani.

Wiki tatu zilizopita, siku ya Jumamosi, tulicheza mechi ya kirafiki na shule ya jirani. Uwanja wetu ni wa udongo, mistari tunachora kwa chokaa, na usiku wake mvua ilinyesha sana. Robo ya tatu GA wao, mshambuliaji ninayemkaba, akarushiwa mpira mrefu, nikaupandia. Nikaudaka kabisa, mikono yote miwili. Wanaoujua mchezo wetu wanajua kinachofuata: ukidaka hewani, ule mguu uliotangulia kutua ukiuinua huruhusiwi kuukanyaga tena kabla hujaachia mpira. Yaani lazima usimame papo hapo, huna hatua za kupunguzia mwendo. Nikatua na mguu wa kushoto huku mwili umeshageuka kumtafuta C wangu, mchezaji wa kati, mguu ukabaki umeelekea kwingine. Nikasikia "kap" ndani ya goti. Hata GK wangu, mlinda goli, aliisikia, akadhani nimekanyaga kijiti.

Sikulia. Niliona haya kulia mbele ya watoto wa kidato cha kwanza waliokuja kutushangilia. Nikatoa pasi, nikapiga hatua mbili, goti likaachia kama mlango uliong'oka bawaba, nikakaa chini. Saa mbili hazijaisha goti limejaa, hata pia ya goti haionekani.

Mama anauza barafu. Usiku ule alitoa barafu za ukwaju kwenye friji, akazifunga ndani ya khanga, akaniwekea gotini. Zikawa zinayeyuka anazibadilisha, mpaka karibu na alfajiri. Zilikuwa mzigo wa kuuza kesho yake. Khanga ile imepata doa la ukwaju ambalo halijatoka mpaka leo, kila nikiiona kambani nageuza macho.

Tulienda kituo kimoja cha afya, wakapiga picha, wakasema mfupa mzima, ni mshtuko tu, wiki mbili utacheza. Wakanipa vidonge vya maumivu. Kweli uvimbe umeshuka. Natembea vizuri, na nikikimbia moja kwa moja mbele, mbio ndogo naziweza. Ila juzi nilikuwa nashuka kwenye daladala, nikageuka kumpisha mama mmoja mwenye kapu la samaki, goti likacheza ndani kwa ndani na kuniachia tena. Konda ndiye aliyenidaka.

Sasa UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, ngazi ya wilaya imebaki wiki nne, kisha mkoa, kisha timu ya mkoa inaingia kambini kwenda taifa mwezi wa Juni. Mwaka jana nilikuwa akiba kwenye timu ya mkoa, sikusafiri. Mwaka huu mwalimu ameshaniambia nafasi ni yangu. Na netiboli yetu mnaijua, timu kubwa ni za majeshi na taasisi, kina JKT Mbweni, Uhamiaji, Magereza. Mtoto wa shule akitaka kuonwa ataonwa wapi kama si huko? Novemba nafanya mtihani wa taifa. Kidato cha tano kama nitakwenda sijui, na shule nitakayopangiwa sijui kama ina hata goli la netiboli. Kila mtu ananiambia nitacheza mwakani. Mwakani nitacheza na nani?

Rafiki yangu anasema kuna sindano ya maumivu, ukichomwa asubuhi unacheza mpaka jioni. Nimefikiria nifunge bandeji ngumu, nichome hiyo sindano siku za mechi tu, halafu baada ya Juni nikae hata mwaka mzima. Kuna aliyewahi kufanya hivyo? Nambieni kweli yenu.

Lile la kwenye daladala sijamwambia mwalimu. Mama pia sijamwambia.

---

Mpongwe Halisi
Jumapili, saa 4 usiku

Pole sana mdogo wangu. Usihangaike na mahospitali, huku kwetu Pongwe kuna mzee anakanda kwa mafuta ya nazi yaliyochemshwa na majani. Siku saba tu. Kaka yangu aliteguka kifundo cha mguu, leo anacheza. Ukitaka nitakuelekeza.

---

Mikate Asubuhi
Jumatatu, saa 11 alfajiri

Mdogo wangu, umeuliza kama kuna aliyefanya. Mimi nilifanya.

Mwaka 2009, kidato cha nne, winga wa kulia. Goti langu lilianza kuachia mwezi wa Aprili, na kama wewe sikumwambia mtu, nilikuwa nafunga bandeji chooni ili wenzangu wasione. Siku ya fainali, hapo Mkwakwani, nilichomwa sindano nyuma ya jukwaa na mtu ambaye mpaka leo sijui kama alikuwa nesi au alikuwa na sindano tu. Nikacheza dakika zote. Krosi iliyozaa bao ilikuwa yangu. Sikudanganyi, ile furaha ilikuwa ya kweli. Nilibebwa kutoka uwanjani mpaka Barabara ya Kumi na Mbili, na nilipokuwa juu ya mabega ya watu sikuwa nasikia goti wala sikuwa nakumbuka kuwa ninalo.

Usiku, sindano ilipoisha, nililia mpaka jirani akaja kugonga.

Sasa nina miaka 34. Nasambaza mikate kwa baiskeli, na kwenye baiskeli goti halina neno, napiga pedali mpaka Sahare na kurudi. Tatizo langu ni ngazi, na tatizo kubwa ni msikitini. Siwezi kukunja goti nikakaa tahiyatu. Kusujudu nako lazima nishike kitu, na kuinuka ni shughuli. Naswali kwenye kiti cha plastiki, safu ya nyuma, pamoja na wazee wawili wenye miaka sabini na kitu. Kuna kijana wa madrasa huniwekea kiti kabla sijafika. Ananiheshimu, ana nia njema kabisa, lakini kila nikikiona kile kiti kimeshawekwa naumia moyo kuliko goti linavyouma.

Daktari aliyenipima baadaye alisema kilichoharibu ni kuendelea kucheza. Ule mchaniko wa kwanza ulikuwa mmoja. Baada ya sindano ikawa ndani ya goti hakuna kilichobaki kizima.

Sikukatazi. Umri wako nami nilikatazwa nikacheza. Nakwambia tu nilivyo leo. Sasa nakwenda kwenye tanuri, mikate inaungua.

---

Mazoezi Tiba
Jumatatu, saa 2 usiku

Binti, habari za huko. Kazi yangu ni fiziotherapia, nimeshughulika na magoti ya wachezaji kwa miaka kadhaa. Kumpima mtu kwa maandishi haiwezekani, lakini umeeleza vizuri kuliko wagonjwa wengi wanaokaa mbele yangu, na mambo matatu uliyoyataja yananitia wasiwasi: mlio ulipotua na kujipinda, uvimbe mkubwa ndani ya saa mbili, na goti kuachia unapogeuka wakati ukienda mbele unaona uko sawa.

Uvimbe unaokuja haraka hivyo mara nyingi ni damu iliyovujia ndani ya goti. Na hayo matatu yakikutana, cha kwanza tunachokishuku ni kuchanika kwa kano ya mbele ndani ya goti, ile ambayo kwenye habari za mpira wanaiita ACL. Hiyo ndiyo inayozuia mfupa wa muundi usiteleze mbele na kujizungusha chini ya paja. Ndiyo maana mbele unakwenda na kugeuka huwezi. Picha uliyopigwa inaonyesha mfupa, kano haionekani humo, kwa hiyo waliposema mfupa mzima walisema kweli, ila hawakufika mwisho wa jambo. Unahitaji daktari wa mifupa akulaze, akunje goti kidogo, auvute muundi mbele kwa mikono yake, alinganishe mguu na mguu. Ni kipimo cha dakika mbili na hakihitaji umeme. Akishuku, atakuandikia MRI, kipimo cha picha kinachoonyesha hata kano.

Kuhusu sindano. Itaondoa maumivu, lakini wewe hukulalamika maumivu, ulilalamika goti kuachia. Sindano haishiki goti, na bandeji hata ukiikaza vipi haifanyi kazi ya kano. Ndani ya goti kuna vipande viwili vya gegedu vyenye umbo la mwezi mwandamo, vinabeba uzito kati ya mfupa na mfupa. Kila goti linapoachia, vile vinaweza kubanwa na kuchanika, na sehemu yake kubwa haina mishipa ya damu ya kutosha kujiponya. Ndugu yetu wa mikate ameeleza mwisho wake kwa namna ambayo mimi siwezi.

Wa Pongwe, nakuheshimu. Kifundo kilichoteguka kidogo hupona hata bila kukandwa, mzee akapata sifa. Kano ya ndani ya goti haifikiwi na kidole cha mtu yeyote. Na kukanda kwa moto goti lililojaa damu siku za mwanzo kunaongeza uvimbe. Barafu za mama yako ndizo zilikuwa tiba sahihi usiku ule, mpe pongezi zangu.

Hili la kupona nalo nalisema mapema ili lisije kukushtua. Si kila aliyechanika anapasuliwa, wengine wanajenga misuli wakaishi vizuri. Lakini kwa mchezo wa kuruka na kugeuka kama wako, wengi huishia upasuaji, na baada ya upasuaji hawarudi uwanjani kabla ya miezi 9, pengine hadi mwaka. Wenye umri wako wanaorudi mapema ndio wanaochanika tena, goti lilelile au la pili. Na usijione una mkosi: wasichana hupata jeraha hili zaidi ya wavulana wanaocheza mchezo uleule, na netiboli, kwa ile sheria ya kusimama papo hapo uliyoieleza, ni katika michezo inayoongoza. Australia chama chao cha netiboli kimetengeneza mazoezi maalumu ya kupasha mwili kwa sababu hiyohiyo, wanafundishwa kutua magoti yamekunjwa na yasiingie ndani, na kwa miguu miwili inapowezekana.

Wakati unasubiri kupimwa: kaa kitandani, mguu umenyooka, viringisha khanga uiweke chini ya goti, uigandamize kwa kukaza paja, hesabu mpaka tano, achia. Mara kumi, mara tatu kwa siku. Usiruke, usigeuke kwa kasi. Baiskeli kwenye barabara tambarare baadaye itakufaa, na Tanga baiskeli hazikosekani.

---

Binti wa Makorora
Jumatano, saa 3 usiku

Nashukuru wote. Kaka wa mikate, nimesoma yako mara nne. Jana nilimwona babu yangu akiinuka kutoka kwenye mswala nikakukumbuka.

Lakini nikimwambia mwalimu ananitoa siku hiyohiyo. Halafu mimi nitakuwa nani pale? Jioni wenzangu wote wanakwenda uwanjani, mimi niende nyumbani kufunga barafu? Nimecheza na wale watu miaka mitatu. GK wangu najua anavyopumua akitaka kuruka. Mtu aliyekatwa na timu anakwenda wapi saa kumi jioni?

---

Mama Wawili, Raskazone
Jumatano, saa 4 usiku

Mwanangu, mimi nilitolewa na jeraha la mgongo mwaka wangu wa mwisho. Kwa hasira sikwenda kuangalia mechi hata moja. Wenzangu walikuwa wanapita mbele ya nyumba yetu wakirudi, wanaimba, nami nimejifungia chumbani. Baada ya shule mmoja alikwenda Arusha, mmoja Oman, mmoja amefariki. Ile miezi miwili ya mwisho ya kukaa nao niliitupa mwenyewe. Nenda uwanjani. Hata kama utakaa juu ya ndoo.

---

Mwl wa Michezo, Muheza
Alhamisi, saa 1 usiku

Binti yangu, nasema kama mwalimu. Kitu kinachotuumiza ni mchezaji kutuficha. Nikijua leo, nina wiki nne za kumwandaa GD mwingine. Nikijua robo ya pili ya mechi, sina kitu, na nina mtoto wa watu amelala chini. Mwambie mwalimu wako kwa mdomo wako, na nenda na mzazi.

Halafu mwambie unataka kazi. Sisemi kwa kukupoza. Karatasi ya magoli inahitaji mtu makini, na mechi zetu nyingi waamuzi hawatoshi. Ukianza sasa kujifunza sheria za uamuzi, utakapomaliza shule utakuwa na kitu mkononi. Kuna chuo cha michezo Malya, kule Kwimba, kinachofundisha ualimu wa michezo, nacho hakiulizi goti lako likoje, kinauliza cheti. Na GD anayejua kusoma mwili wa GA ni mtaji, mfundishe atakayevaa herufi zako.

---

Binti wa Makorora
Wiki tano baadaye, Jumapili, saa 2 usiku

Nimerudi. Samahani kwa kimya, mmeniandikia ujumbe wengi.

Nilianza na mama. Nilimwambia tukiwa tunamimina juisi ya ukwaju kwenye vifuko, ili asiniangalie usoni. Alinyamaza, akafunga vifuko kama kumi, ndipo akaniuliza: "Konda alikudaka mkono gani?" Nikamwonyesha mkono wa kulia. Akaushika palepale.

Kwa mwalimu tulikwenda pamoja. Mwalimu hakugomba, aliuliza tu kwa nini sikumwambia mapema, nikakosa la kujibu. Wiki iliyofuata nikapimwa na daktari wa mifupa, vilevile kama Mazoezi Tiba alivyosema. Aliuvuta mguu wa kulia, ukagota mahali kama droo iliyofika mwisho. Alipouvuta wa kushoto haukugota, ulikuja tu. Nilikuwa naangalia kwa macho yangu. Hapo ndipo nilipoamini. Nimeandikiwa barua ya kwenda Taasisi ya Mifupa Muhimbili kwa kipimo cha MRI, na mama amebadilishana zamu ya mchezo na jirani ili apokee yeye mwezi huu, tupate nauli na za kujikimu Dar.

Bibu ya GD, kile kizibao chenye herufi, nilimvisha mwenyewe mtoto wa kidato cha pili. Ni mrefu kunishinda, anaruka vizuri ila anatua magoti yanagongana, na mimi hilo sasa siwezi kuliona nikanyamaza. Kila jioni kabla ya mazoezi nilikuwa namtuesha juu ya mchanga: ruka, tua, kunja, magoti nje. Anachoka, ananuna, anarudia. Mwalimu ameanza kulifanya zoezi hilo kwa timu nzima.

Mechi za wilaya zimekwisha jana. Unahodha mwalimu hakuninyang'anya, nilikaa pembeni na karatasi ya magoli. Mama Wawili, ndoo ilikuwepo kweli, ndoo ya maji ya timu, niliigeuza nikaikalia. Mechi ya mwisho, mwisho wa robo ya tatu, tuko nyuma magoli matatu, yule mtoto akaja anahema. "Dada, huyu GA simpati, sijui anakwenda wapi." Mimi nilikuwa namtazama yule GA tangu robo ya kwanza. Nikamwambia, kabla hajakimbia kulia bega lake la kushoto linashuka kwanza, usiangalie mpira, angalia bega. Robo ya nne alimnyang'anya mipira miwili. Wa pili alipoudaka nilisimama kwa mguu mmoja, karatasi ikaanguka kwenye tope.

Tulifungwa 23 kwa 22. Mkoa hatuendi kama shule, lakini yule mtoto na GK wangu wamechaguliwa kwenye timu ya wilaya. Usiku nililia, safari hii mbele ya kila mtu, na GK wangu akalia nami, kisha tukala machungwa yaliyobaki.

Kaka wa mikate, mjomba ameniazima baiskeli yake. Nimeanza kwenda mpaka njia ya Raskazone asubuhi, pale tambarare. Nikikuona na kapu la mikate nitapiga kengele.

Mazoezi Tiba, nina maswali mawili. Lile zoezi la khanga sasa naliona jepesi, naweza kuongeza la kuinua mguu umenyooka, na ni mara ngapi? Na nikishuka ngazi, nitangulize mguu upi?